Namna ya Kutumia Mitishamba Pamoja na Vidonge vya Hospitali Bila Kujidhuru

Chukua mfuko wako wa dawa, umimine vyote vilivyomo juu ya meza. Vipange vidonge vya presha, vya sukari, vya kifafa, vya moyo, na ARV kama unazitumia, kila kimoja na pakiti yake. Kisha ingia jikoni ukalete kile ambacho wengi hawakileti: chupa ya dawa ya kuchemsha iliyo nyuma ya mlango, kopo la unga wa mlonge, kifuko cha habasoda, uwatu uliolowekwa tangu jana usiku, mchanganyiko wa kitunguu saumu na tangawizi ulio kwenye jokofu, na lile pande la udongo ambalo mjamzito wa nyumbani hulitafuna akidhani hakuna anayemwona. Viweke pamoja. Mwongozo huu wote umesimama juu ya meza hiyo, kwa sababu vitu hivyo, hata kama umevipata kwa watu tofauti na unavitumia kwa imani tofauti, vinapita katika utumbo mmoja na ini moja.

Nimekaa dirisha la dawa miaka mingi hapa Tanga, na siandiki haya ili nimtoe mtu katika mitishamba. Mama yangu alitukanda kwa mafuta ya habasoda tulipobanwa na kifua, nami mpaka leo nikishikwa na mafua huchemsha mchaichai. Tena dawa tunazozigawa dirishani nyingi zina asili huko huko: kwinini ilitoka katika magome ya mti, artemisinini iliyozaa dawa mseto ya malaria ilitoka katika majani ya Artemisia annua, na digoksini ya moyo ilitoka katika majani ya mmea wa Ulaya uitwao Digitalis. Lakini hoja hiyo ni msumeno, hukata ikienda na ikirudi. Mmea wenye nguvu ya kuponya mwili una nguvu pia ya kuigusa dawa nyingine iliyomo mwilini, na neno "asili" halipunguzi nguvu hiyo hata kidogo.

Andika hata kile usichokiita dawa

Miaka kadhaa iliyopita alifika dirishani bibi mmoja aliyewekewa vali bandia ya moyo, ambaye kila siku humeza warfarini ili damu isigande. Nilimwona ameukunja mkono wa kushoto ndani ya kanga kwa namna ya kuuficha. Nilipomwomba aufunue, niliona madoa ya zambarau kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, na alipotabasamu kwa haya, kwenye fizi zake palikuwa na uzi mwembamba wa damu. Nilimuuliza, "Bibi, kuna dawa nyingine unayotumia?" Akajibu, "Hakuna, mwanangu." Kadi yake ilionyesha kwamba kwa miezi mingi kipimo chake cha INR, kinachopima kasi ya damu kuganda, kilikuwa kimetulia. Nikamuuliza kwa njia nyingine: "Ukiamka asubuhi, kabla ya chai, unakunywa nini?" Hapo akanieleza kwa furaha habari ya chupa anayotengenezewa na mkwewe, yenye vitunguu saumu vizima vilivyosagwa pamoja na tangawizi, malimau na asali, ambayo alikuwa akinywa vijiko viwili vya kulia asubuhi na viwili jioni kwa wiki ya tatu sasa.

Bibi yule hakunidanganya. Kwake kile kilikuwa chakula kilichotengenezwa kwa mapenzi, na swali langu la kwanza ndilo lililokuwa na kasoro. Warfarini huzuia damu kuganda kwa kuingilia kazi ya vitamini K, ilhali kitunguu saumu kingi hupunguza uwezo wa chembe sahani za damu kushikana, kwa hiyo mwili wake ulikuwa umefungwa milango miwili ya kujizibia jeraha kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo, daftari lako lisiwe na safu ya "dawa" peke yake. Andika kila kinachoingia mdomoni kwa nia ya afya, nguvu, uzazi, usingizi, kupunguza mwili au kusafisha tumbo, na uongeze mambo ambayo kwa kawaida hatuyaandiki: udongo, magadi, mirungi, maji ya balungi, vidonge vya manjano vinavyouzwa mitandaoni. Kwa kila kimoja andika jina ulilouziwa nalo, sehemu ya mmea iliyotumika kama ni mzizi, gome, jani au mbegu, namna kilivyotayarishwa, kipimo cha kikombe au kijiko, saa unazotumia, na tarehe uliyoanza. Tarehe ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo inayotusaidia zaidi, kwani tunapoiweka kando ya tarehe ya vipimo vyako mara nyingi jibu hujionyesha lenyewe. Ikiwezekana, upige picha mmea ukiwa na majani yake, maana jina moja la kienyeji huweza kuitwa mti mmoja Lushoto na mti mwingine kabisa Kilwa, nasi dirishani hatuwezi kukisia.

Makuli wa ini

Kidonge ulichokimeza hakikai mwilini milele. Katika ini na katika ukuta wa utumbo mwembamba vimo vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuivunjavunja dawa mpaka iweze kutoka kwa mkojo au kwa choo. Kundi lake kubwa huitwa saitokromu P450, na mwenye kazi nyingi kuliko wote katika kundi hilo ni CYP3A4, ambaye hushughulikia sehemu kubwa ya dawa zinazoandikwa mahospitalini, kwa makadirio ya kawaida karibu nusu yake. Aliyepanga kwamba umeze kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni alipiga hesabu kwa kasi ya kawaida ya vimeng'enya hivyo.

Mtu wa bandarini ataelewa upesi. Chukulia vimeng'enya ni makuli wanaoshusha shehena gatini. Ukiwashughulisha makuli kwa mzigo mwingine, shehena ya kwanza hurundikana. Ndivyo dawa inavyorundikana katika damu mmea unapokizuia kimeng'enya, na dozi uliyoizoea hugeuka kuwa dozi ya sumu. Ukiajiri makuli mara mbili, shehena huondolewa kabla mwenye mali hajaigusa. Ndivyo mmea mwingine unavyolichochea ini lizalishe vimeng'enya zaidi, dawa ikaondoka kabla haijafanya kazi, na mgonjwa akabaki akimeza vidonge kwa uaminifu huku ugonjwa ukipanda.

Mfano mashuhuri wa kuzuia ni balungi. Mwaka 1989 watafiti wa mji wa London ulioko Ontario, Kanada, walikuwa wakichunguza pombe pamoja na dawa ya presha iitwayo felodipini, wakatumia maji ya balungi kuificha ladha ya pombe, na kwa mshangao wakakuta kiwango cha dawa katika damu kimepanda mno. Baadaye ilifahamika kwamba balungi huiharibu CYP3A4 ya utumbo, na kwamba glasi moja yatosha, na athari yake huendelea hata zaidi ya siku moja mpaka utumbo utengeneze vimeng'enya vipya. Kwa hiyo anayemeza simvastatini ya kushusha lehemu, au baadhi ya dawa za presha za jamii ya felodipini na nifedipini, hajilindi kwa kunywa balungi asubuhi na kumeza kidonge usiku.

Mfano wa kuchochea unaojulikana zaidi katika vyumba vya tiba vya kwetu si mmea bali ni rifampisini ya kifua kikuu, na ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia ARV iitwayo dolutegraviri huongezewa kidonge cha pili cha dolutegraviri kwa siku. Upo mmea wenye tabia hiyo hiyo, Hypericum perforatum, ambao ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani huukuta madukani kwa jina la St John's wort ukiuzwa kama dawa ya huzuni. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich walieleza habari ya wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao kiwango chao cha dawa ya siklosporini kilishuka baada ya kuanza kutumia mmea huo, na miili yao ikaanza kuukataa moyo waliopewa. Mwaka huo huo watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ulipunguza kiasi cha indinaviri, iliyokuwa ARV ya wakati ule, kwa asilimia 57. Huo mmea huvuruga pia vidonge vya uzazi wa mpango. Ikiwa jamaa yako amekutumia chupa yake kutoka ughaibuni, usiifungue kabla ya kumwonyesha mfamasia.

Ipo tofauti ya muda ambayo ningependa msomaji aishike. Mmea unaozuia hufanya kazi siku ile ile, pengine ndani ya saa chache. Mmea unaochochea huchukua siku kadhaa hadi wiki 2 kufikia kilele chake, na huchukua muda kama huo kuondoka baada ya kuacha. Mtu anaweza kunywa dawa ya miti kwa siku 3, asione lolote, akatangaza kwamba ni salama, ilhali ini lake ndiyo kwanza linaandikisha makuli.

Kuachanisha saa kunafaa wapi

Ushauri unaosikika sana mitaani ni huu: kunywa mitishamba, subiri saa mbili, kisha meza kidonge. Ushauri huo una ukweli wa nusu, na nusu iliyobaki imewaumiza watu.

Kuachanisha saa kunasaidia pale ambapo vitu viwili vinashikana tumboni kabla ya kufyonzwa. Udongo hushika madini ya chuma yaliyomo katika vidonge vya kuongeza damu, na huweza kushika dawa nyingine pia, kwa hiyo mjamzito anayetafuna udongo siku nzima anaweza kumaliza kopo la vidonge na damu yake isipande. Huko Uganda udongo huo huuzwa ukiwa umefinyangwa pamoja na mimea, ukiitwa emumbwa, na yale yale yanauhusu. Mirungi nayo ina tanini nyingi, yaani viini vinavyoweza kushikana na dawa. Utafiti uliofanywa Yemen mwaka 1997 ulionyesha kwamba anayetafuna mirungi huku akimeza antibiotiki ya ampisilini hupata dawa kidogo zaidi mwilini, amoksilini ikiathirika kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, na tatizo lilipungua dawa ilipomezwa saa 2 baada ya kumaliza kutafuna. Ute wa bamia, ambao wenye kisukari wengi huulowesha usiku na kuunywa asubuhi, ulionekana kwa panya, katika utafiti wa Bangladesh wa mwaka 2011, kuzuia metformini isifyonzwe ipasavyo. Na dolutegraviri hushikana na chuma, kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo ikiwa unatumia virutubisho vyenye madini hayo, imeze saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Kalsiamu au chuma peke yake inaweza kumezwa pamoja nayo iwapo umekula chakula.

Lakini mmea ukiwa umeshawachochea au umeshawazuia makuli wa ini, saa mbili hazina maana yoyote. Kimeng'enya kilichoharibiwa asubuhi hakijarudi mchana. Tena mitishamba inayofanya kazi ile ile ya kidonge, kama kushusha sukari au kupunguza kuganda kwa damu, hukutana nacho ndani ya damu hata ukiviachanisha nusu siku. Kwa hiyo usiruhusu saa mbili zikutie moyo mahali ambapo hazikuwekwa.

Vidonge visivyovumilia

Dawa hazilingani katika uvumilivu. Parasetamoli ya siku moja na chai ya tangawizi havitakufanya ukose usingizi. Zipo dawa, hata hivyo, ambazo umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni mdogo sana, na kwa hizo msimamo wangu ni mmoja tu: usiongeze mmea wowote wa dawa bila kibali cha anayekutibu. Hizo ni warfarini, digoksini, dawa za kifafa kama fenitoini na karbamazepini, theofilini au aminofilini ya pumu, lithiamu ya maradhi ya akili, na dawa wanazopewa waliopandikizwa figo. Katika kundi la pili ninaweka dawa ambazo zikishuka kidogo vijidudu hupata nafasi ya kuwa sugu, yaani ARV na dawa za kifua kikuu, pamoja na njia za uzazi wa mpango zenye homoni, kwa kuwa mama hatajua kwamba kipandikizi chake kimepungua nguvu mpaka awe ameshika mimba.

Baadhi ya mitishamba ya kwetu

Kwa mwenye kisukari, hatari kubwa ni kushusha sukari kupita kiasi. Uwatu, mwarobaini, karela, mdalasini na habasoda vyote vina nguvu fulani ya kushusha sukari, na mtu aliyeandikiwa glibenklamidi au insulini akiviongeza, sukari yake huweza kuporomoka alfajiri, wakati tumbo ni tupu na nyumba imelala. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa kali, moyo kwenda mbio, na maneno kuanza kuyumba. Mpe sukari vijiko 3 au 4 vya chai katika maji, upime tena baada ya dakika 15. Kama amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Katika mwezi wa Ramadhani jambo hili hutaka uangalifu zaidi, kwani saa za vidonge hubadilika, na uji wenye uwatu huongezeka katika futari.

Habasoda pia, kwa watu waliojitolea kupimwa, imeonekana kuvizuia vimeng'enya CYP2D6 na CYP3A4. Najua heshima iliyo nayo mbegu hii pwani, na hadithi inayotajwa kuhusu kuponya kila maradhi isipokuwa mauti. Chembe chache juu ya mkate hazinitishi. Kijiko kizima cha unga au vidonge vya mafuta yake kila siku, kwa mtu anayetumia dawa za moyo au za akili, ni jambo la kumweleza daktari.

Pilipili manga ina kiini kiitwacho piperini kinachozuia kuvunjwa na kuondolewa kwa dawa kadhaa, fenitoini ikiwamo. Kwenye pilau haina neno, lakini siku hizi huwekwa makusudi ndani ya vidonge vya manjano ili manjano yafyonzwe zaidi, na kinachofungua mlango kwa manjano hufungua pia kwa kidonge chako. Mizizi ya urukususi inayotafunwa kwa ajili ya kikohozi huufanya mwili ushike chumvi na kupoteza potasiamu, presha ikapanda mbele ya macho ya dawa ya presha. Shubiri ya kuharishia nayo hupoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka digoksini huwa kali kwa moyo.

Kwa anayetumia warfarini, majani ya kijani ya kisamvu, mchicha, sukuma wiki na mlonge yana vitamini K, ambayo huipunguzia dawa nguvu. Wengi wakisikia hivyo huacha mboga kabisa, nalo ni kosa. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, ili daktari apange dozi juu ya chakula chako halisi.

Ninaona haki niseme pia pale ambapo hofu ilizidi ukweli. Majani ya mlonge yalipopimwa maabara yalionekana kuizuia CYP3A4, lakini watafiti wa Zimbabwe walipowapa unga wake watu waliokuwa wakitumia ARV iitwayo nevirapini, kiwango cha dawa hakikubadilika kwa namna ya kutia wasiwasi. Kinyume chake, vidonge vya kitunguu saumu vilivyokolezwa, walipopewa watu wenye afya nchini Marekani kwa wiki 3 hivi, vilipunguza sakwinaviri, ARV nyingine, kwa takriban nusu. Kilichomo kwenye chupa ya maabara na kinachotokea mwilini ni mambo mawili, na kitunguu cha kwenye mchuzi si sawa na kitunguu cha kwenye kapsuli.

Kuhusu chai ya Artemisia, Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa kuzuia wala kutibu malaria. Kiasi cha artemisinini katika kikombe hakilingani kikombe hadi kikombe, na artemisinini yenyewe huharakisha kuvunjwa kwake, hata kiwango chake hushuka kadiri siku za kuitumia zinavyofuatana. Ukiugua malaria iliyothibitishwa na kipimo, maliza dawa mseto yako, ambayo ikiwa ni ALu (artemetha na lumefantrini) kwa mtu mzima kwa kawaida huwa vidonge 24 kwa siku 3, ukiimeza pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili ifyonzwe.

Mjamzito aliyekaribia kujifungua, kama amekunywa dawa ya kuongeza uchungu kutoka nyumbani, amwambie mkunga mara tu anapofika, hata kama aliyempa amemkataza kusema. Mkunga asiyejua akiongeza dripu ya uchungu juu yake, kizazi huweza kubana kupita kiasi na kupasuka. Nawaomba wakunga, wenzangu katika kazi ya afya, walipokee neno hilo bila kukaripia, maana mama aliyekaripiwa mara moja hatasema mara ya pili.

Unga usiojulikana

Kuna unga na kahawa za nguvu za kiume, na vidonge vya maungo visivyo na jina, vinavyouzwa kama mitishamba mitupu. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekuta ndani yake sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, au dawa za maumivu na uvimbe za jamii ya deksamethasoni na diklofenaki, ambazo hazikuandikwa popote. Sildenafili pamoja na dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti huweza kushusha presha mpaka mtu afe. Dalili ya kushuku ni wepesi wa matokeo: mmea halisi kwa kawaida hauondoi maumivu ya miaka 10 ndani ya saa moja. Tanzania inalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, linalosajili watoa huduma na dawa zao, na ni vema ununue kwa aliyesajiliwa. Usajili hata hivyo hauna maana kwamba dawa ile imepimwa pamoja na kidonge chako.

Kuanza, na kuacha

Ukiamua kutumia mmea na daktari akaridhia, anza na mmoja peke yake. Mchanganyiko wa miti saba hautatuambia ni upi uliokudhuru. Pima kabla hujaanza, iwe presha, sukari au INR, uandike. Kisha urudie ndani ya wiki ya kwanza, na tena baada ya wiki 2, kwa sababu ile niliyoieleza ya makuli wanaoandikishwa polepole. Kwa warfarini, INR irudiwe baada ya siku 3 hadi 7 za badiliko lolote. Usibadilishe muuzaji katikati, kwani nguvu ya unga huu si lazima ilingane na ya unga ule.

Jambo ambalo hata wenzetu wa afya hulisahau ni kwamba kuacha mmea ni badiliko kama kuuanza. Ikiwa kwa mwaka mzima umekuwa ukinywa kitu kinachoiondoa dawa upesi, daktari bila kujua amekupandishia dozi ili kufidia. Siku utakapokiacha, makuli wa ziada wataondoka, na dozi ile kubwa itabaki mwilini bila wa kuishusha. Kwa hiyo usimwage chupa kwa hofu baada ya kusoma haya. Ukiona dalili mbaya, simamisha mmea na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kama huna dalili yoyote, nenda na chupa yako, mpange pamoja namna ya kuuacha na siku ya kupima. Kwa upasuaji uliopangwa, waeleze madaktari mapema, maana kitunguu saumu na tangawizi za kapsuli kwa kawaida hushauriwa ziachwe wiki 2 kabla.

Na vidonge vya hospitali visiachwe kamwe kwa ajili ya kuupisha mmea. Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500, na miongoni mwao walikuwapo waliorudi nyumbani na kuacha ARV na dawa za kifua kikuu. Kunywa kikombe na kuendelea na vidonge ni mazungumzo tunayoweza kuyafanya dirishani. Kuacha vidonge kimyakimya hakutuachii nafasi ya kusaidia.

Ukizungumza na daktari, usiulize kama mitishamba ni mizuri au mibaya, kwa kuwa swali hilo huzaa mabishano. Sema hivi: "Daktari, pamoja na hivi ninakunywa hiki, kikombe cha chai mara mbili kwa siku, tangu tarehe 4, na ninataka kujua kama kinagusa dawa hii." Mweleze na tabibu wa tiba asili vidonge unavyomeza, tabibu makini hutaka kujua, na anayekwambia utupe vidonge kabla hajauliza ni vya nini, mshukuru uondoke.

Nenda hospitali bila kungoja siku ya kliniki ukiona macho kuwa ya njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, choo cheusi kama lami, damu isiyokatika puani au kwenye fizi, degedege kwa aliyekuwa ametulia, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au usingizi usio wa kawaida. Chukua chupa, pakiti na daftari. Mwombe mfamasia apeleke taarifa kwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, au kwa Bodi ya Famasia na Sumu ukiwa Kenya, kwani taarifa za namna hiyo ndizo zinazotufundisha juu ya miti ambayo haijaandikwa popote.

Bibi wa vali ya moyo alilazwa siku mbili, dozi yake ikasimamishwa, chupa ya mkwewe ikawekwa kando, na INR ikashuka taratibu mpaka mahali pake. Daktari hakumkataza kitunguu saumu cha mchuzi. Siku hizi huja dirishani na daftari la shule lenye kurasa 48, ambalo mjukuu wake humwandikia, na kabla hajatoa kadi hulifungua kwanza penye ukurasa wa mwisho na kuliweka mbele yangu. Wiki iliyopita palikuwa na mstari mmoja mpya: "Uji wa uwatu, nusu kikombe, Jumatatu na Alhamisi, haujaanza. Bibi anauliza kwanza."